Allyson Felix: Bingwa wa Mbio Aliyenusurika Kifafa cha Mimba

Tarehe 18 Agosti 2016, katika Uwanja wa Olimpiki wa Rio de Janeiro, kijiti kilianguka. Zilikuwa mbio za mchujo za wanawake za kupokezana vijiti, mita 100 mara 4. Allyson Felix wa Marekani alikuwa anamaliza kipande cha pili pale alipogongwa na mkimbiaji wa Brazil wa njia ya jirani. Mizani ikampotea, akakirusha kijiti kuelekea kwa mwenzake, English Gardner, nacho kikaanguka chini. Wengi wangeondoka uwanjani. Felix alimhimiza Gardner akiokote na wamalize mbio hata wakiwa wa mwisho, kwa sababu alijua kwamba timu isiyomaliza haina msingi wa kukata rufaa. Rufaa ikakubaliwa. Jioni ile wanawake wa Marekani wakakimbia peke yao katika uwanja mzima, wakishindana na saa tu, wakapata muda wa kufuzu. Kesho yake, wakiwa wamepangwa katika njia ya kwanza ambayo wakimbiaji wengi huichukia kwa ukali wa kona yake, walitwaa medali ya dhahabu kwa sekunde 41.01.

Wanawake wanne waliosimama jukwaani siku hiyo walikuwa Tianna Bartoletta, Allyson Felix, English Gardner na Tori Bowie. Ilipofika mwaka 2023, watatu kati yao walikuwa wameshabeba mimba. Wote watatu walipata matatizo makubwa ya uzazi, na mmoja wao alikuwa ameshafariki. Si rahisi kupata kundi la wanawake wenye afya ya mwili kuliko hawa. Kwa hiyo maisha ya Felix uwanjani, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama hesabu ya medali, yanastahili kusomwa pia na mkunga, daktari na mama mjamzito.

Felix alizaliwa Los Angeles tarehe 18 Novemba 1985. Baba yake ni mchungaji na mwalimu wa Agano Jipya, mama yake alikuwa mwalimu wa shule, na kaka yake Wes naye alikuwa mkimbiaji. Shuleni wenzake walimwita "miguu ya kuku" kwa jinsi miguu yake ilivyokuwa myembamba. Jina lile lilidanganya. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari aliweza kunyanyua kutoka sakafuni chuma cha zaidi ya kilo 120, karibu mara mbili ya uzito wake. Alianza riadha akiwa darasa la tisa, na wiki kumi tu baadaye akashika nafasi ya saba katika mita 200 kwenye mashindano ya shule za jimbo zima la California.

Alipomaliza shule alisaini mkataba wa kukimbia kwa malipo. Masomo hakuyaacha, akahitimu shahada ya elimu ya msingi katika Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 2004, katika Olimpiki ya Athens, akiwa na umri wa miaka 18, alipata medali ya fedha ya mita 200 nyuma ya Veronica Campbell wa Jamaika. Mwaka uliofuata, Helsinki, akawa bingwa wa dunia. Akarudia Osaka mwaka 2007 na Berlin mwaka 2009. Olimpiki, hata hivyo, iliendelea kumnyima: Beijing mwaka 2008 Campbell alimshinda tena katika mbio zilezile, na Felix akasubiri miaka minne mingine. London mwaka 2012 alishinda mita 200 kwa sekunde 21.88, kisha akachukua dhahabu mbili za kupokezana vijiti. Mojawapo ilipatikana kwa rekodi ya dunia ya sekunde 40.82.

Kuumia nako kulikuwapo. Mwaka 2013, Moscow, msuli wa nyuma ya paja ulimkatika katikati ya fainali, na kaka yake ndiye aliyembeba kumtoa uwanjani. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa mita 400. Mwaka 2016, akiwa ametoka kuumia kifundo cha mguu, alikosa nafasi ya kukimbia mita 200 Rio kwa mia moja ya sekunde, na katika mita 400 akapitwa kwa sekunde 0.07 na Shaunae Miller wa Bahamas, aliyejirusha mzimamzima juu ya mstari wa kumalizia. Huyu ni mtu aliyezoea kuusikiliza mwili wake kwa kipimo cha mia moja ya sekunde. Jambo hilo lina uzito katika yaliyofuata.

Mwaka 2018 Felix akawa mjamzito. Wakati huo mkataba wake na kampuni ya Nike ulikuwa umekwisha na walikuwa katika mazungumzo ya kuufanya upya. Baadaye alieleza kwamba aliificha mimba kwa hofu ya kupoteza riziki: alifanya mazoezi alfajiri kabla jua halijachomoza ili asionekane, na alivaa nguo pana. Mama wa kijijini anayeficha mimba kwa kuogopa jicho baya, au mfanyakazi wa dukani anayeificha kwa kuogopa tajiri wake, atauelewa upweke wa hali hiyo. Mimba inayofichwa huwa na mashahidi wachache, na dalili zake hukosa wa kuziona.

Miguu yake ilianza kuvimba. Alikuwa ameshasikia, kama kila mwanamke anavyosikia, kwamba wajawazito huvimba miguu, kwa hiyo hakuona ajabu. Hakuwa akijua kuwa yumo katika hatari, na alieleza baadaye kwamba hakumbuki kuelezwa. Alipofika wiki ya 32 alikwenda kliniki kwa uchunguzi wa kawaida, siku ambayo angeweza kuiahirisha kama angekuwa na safari au uchovu. Ilionekana kwamba ana kifafa cha mimba katika hatua yake ya awali, lakini kwa kiwango kikali, yaani shinikizo la damu limepanda vibaya na protini inapotea katika mkojo ingawa degedege bado haijaanza. Alipelekwa hospitali moja kwa moja. Tarehe 28 Novemba 2018 alifanyiwa upasuaji wa dharura, na binti yake Camryn akazaliwa akiwa na uzito wa kilo 1.6 hivi. Mtoto alikaa takriban mwezi mzima katika chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga. Felix alisema baadaye kwamba hakuwa na hakika kama yeye mwenyewe angepona amshike mwanawe.

Msomaji anaweza kuuliza imekuwaje. Mwanamke asiyevuta sigara, asiye mnene, anayepimwa na madaktari wa michezo mwaka mzima, alipataje ugonjwa huu? Jibu ni kwamba ugonjwa hauanzii kwenye misuli wala kwenye pumzi. Unaanzia kwenye kondo la nyuma. Katika mimba ya kawaida, mishipa ya damu ya mji wa mimba hutanuka sana ili ilishe kondo. Katika ugonjwa huu mishipa hiyo haitanuki inavyopasa. Kondo lenye njaa humwaga katika damu ya mama kemikali zinazojeruhi utando wa ndani wa mishipa ya mwili mzima. Mishipa hubana na shinikizo hupanda. Figo huvujisha protini, maji hupenya kwenda katika tishu na kuleta uvimbe, ini huathirika, na ubongo ukifikiwa huja degedege. Mazoezi yana faida nyingi kwa mjamzito na huenda yakapunguza hatari kiasi, lakini hayaiondoi. Bingwa wa dunia na mama asiyewahi kukimbia wote hujenga kondo jipya kwa kila mimba, na hakuna hata mmoja wao anayeuona ujenzi huo.

Ndiyo maana kipimo cha shinikizo la damu hakina badala. Mpaka unaotumika ni 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, na ikifika 160 kwa 110 hali ni kali na ni ya dharura. Hata hivyo tarakimu hizi zisomwe pamoja na kadi. Mwanamke mwenye moyo uliozoezwa, au msichana mwembamba ambaye kawaida yake ni 90 kwa 60, akija siku moja na 130 kwa 85 bado hajavuka mpaka, lakini amesafiri mbali kutoka kwake. Anastahili kupimwa mkojo na kuitwa tena mapema, asisubirishwe mwezi mzima. Kadi isiyo na vipimo vya miezi ya mwanzo humnyima mhudumu njia ya kuliona hilo.

Kuhusu uvimbe, ugumu ni kwamba wajawazito wengi huvimba miguu bila ugonjwa wowote, na hivyo swali la mama mara nyingi hujibiwa kwa tabasamu. Jibu la tabasamu si kosa iwapo limetanguliwa na kipimo. Uvimbe unaokuja ghafla usoni na mikononi, kichwa kinachouma na kisichotulia kwa dawa, kuona maluweluwe au kiza, maumivu makali chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, kupumua kwa shida: mama mwenye dalili hizi aende kituoni siku hiyohiyo, hata kama jana yake alitoka kliniki. Na degedege ikitokea kwa mjamzito au mzazi, wako hadi leo katika jamii zetu wanaoanza kwa kumtafuta mganga, wakisema ni mashetani. Kila dakika inayotumika kupunga pepo huukaribisha mshtuko wa pili.

Kwa upande wa wahudumu, dawa yenye nguvu kuliko zote hapa ni ya bei nafuu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Zahanati inaweza kuanza kipimo cha kwanza kisha ikampa mama rufaa. Hofu ya kumzidishia ina dawa yake: chunguza kama goti bado linaruka likigongwa, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, pima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na weka kalsiamu glukoneti karibu. Dawa za kushusha shinikizo hulinda ubongo wa mama. Mimba ikiwa changa na mama yuko mahali penye uwezo wa kumtunza na kumtunza mtoto njiti, sindano za steroidi husaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Lakini tiba ya ugonjwa wenyewe ni kujifungua, kondo likatoka. Hata hapo hatari haikomi mara moja, kwani degedege ya kwanza inaweza kutokea siku kadhaa baada ya mama kuruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto wake.

Felix alirudi mazoezini akiwa na kovu la upasuaji na mtoto aliyetoka katika mashine. Tarehe 16 Mei 2019 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani kuhusu vifo vya kina mama weusi, nchini mwake ambako mwanamke mweusi ana uwezekano wa takriban mara tatu kuliko mweupe kufa kwa sababu ya uzazi. Siku chache baadaye aliandika katika gazeti la New York Times kwamba Nike ilitaka kumlipa asilimia 70 pungufu ya mwanzo, na kwamba alipoomba mkataba useme wazi kuwa hataadhibiwa iwapo kiwango chake kitashuka katika miezi inayozunguka kujifungua, alikataliwa. Agosti mwaka huohuo kampuni hiyo ilitangaza kuwalinda wanariadha wake wajawazito kwa miezi 18. Felix alikuwa ameshaondoka.

Miezi kumi baada ya upasuaji, Doha, alikimbia katika timu ya Marekani ya mita 400 mara 4 ya wanaume na wanawake kwa pamoja, iliyoshinda kwa rekodi ya dunia. Ilikuwa dhahabu yake ya 12 katika mashindano ya dunia, moja zaidi ya Usain Bolt. Mwaka 2021, Tokyo, akiwa na miaka 35 na viatu vya kampuni aliyoianzisha mwenyewe, alipata shaba ya mita 400 kwa sekunde 49.46 akitokea njia ya tisa, ya nje kabisa, na kesho yake dhahabu ya kupokezana vijiti. Medali zake za Olimpiki zikafika 11, nyingi kuliko za mwanariadha yeyote wa Marekani wa uwanjani, Carl Lewis akiwemo. Alistaafu mwaka 2022 huko Eugene. Hata kustaafu kwenyewe hakukwenda kwa utaratibu: alikuwa ameshaaga na kurudi nyumbani kujilia vyakula alivyojinyima miaka mingi, akapigiwa simu arudi kukimbia mchujo mmoja. Akarudi, timu ikashinda fainali, na medali yake ya 20 ya dunia ikapatikana hivyo.

Kisha, tarehe 2 Mei 2023, Tori Bowie alikutwa amefariki nyumbani kwake Florida. Yeye ndiye aliyemalizia mbio zile za Rio, na mwaka 2017 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100. Alikuwa na miaka 32, na mimba ya miezi minane hivi. Alikuwa peke yake, na uchungu ulikuwa umeshaanza. Taarifa ya uchunguzi wa mwili iliyotolewa mwezi Juni ilitaja kifafa cha mimba na kushindwa kupumua kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa yamechangia kifo hicho. Mtoto naye hakupona. Mwenzao Tianna Bartoletta alieleza hadharani kwamba yeye alipatwa na uchungu katika wiki ya 26, na kwamba alikwenda hospitali akiwa amebeba wosia wake. Felix aliandika katika jarida la Time akiunganisha visa hivyo vitatu, akitaka kina mama weusi wasikilizwe wanaposema kwamba kuna jambo haliko sawa mwilini mwao.

Kisa cha Felix na kile cha Bowie haviwezi kulinganishwa kwa kila kitu, na hakuna anayejua kama kipimo kimoja kingebadilisha yaliyotokea Florida. Linalojulikana ni la upande wa Felix: alikuwa na miadi ya kliniki, akaenda, akapimwa, na aliyempima akachukua hatua palepale. Hakuna chombo cha ajabu kilichohitajika kuanza kumwokoa. Kilihitajika kipimo cha mkono, kijaribio cha mkojo, na mtu wa kusoma majibu kabla mama hajatoka mlangoni. Vitu hivi vimo hata katika zahanati ndogo, ila siku ambazo vijaribio vimekwisha au kipimo kimeharibika na hakuna aliyeripoti. Siku kama hizo zihesabiwe kuwa ni upungufu wa dharura, kama vile oksijeni ilivyokwisha.

Mwanamke aliyewahi kuugua ugonjwa huu huubeba katika historia yake. Uwezekano wa kurudiwa katika mimba inayofuata ni mkubwa kuliko wa mwingine, na katika maisha yake ya baadaye hatari ya shinikizo la damu na magonjwa ya moyo hupanda. Kwa hiyo aliseme jambo hilo mapema, katika hudhurio la kwanza kabisa, hata asipoulizwa, na mhudumu aliandike mahali panapoonekana. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba wenye hatari kubwa wapewe aspirini ya kiwango kidogo, miligramu 75 kwa siku, ikianza kabla ya wiki ya 20. Mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, wajawazito waongezewe kalsiamu. Mama anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miezi sita huwa ameshapitwa na nafasi ya aspirini.

Aprili 2024 Felix, akiwa na miaka 38, alijifungua mtoto wa pili, wa kiume, anayeitwa Trey. Kwa historia ile na umri ule, mimba hiyo ilikuwa ya kuangaliwa kwa makini tangu mwanzo, na safari hii hakuificha: aliitangaza mwenyewe mwishoni mwa mwaka 2023. Miezi michache baadaye, katika kijiji cha wanamichezo cha Olimpiki ya Paris, kilifunguliwa chumba alichokipigania, ambamo mama aliyekuja kushindana angeweza kumnyonyesha mwanawe na kumbadilisha nguo kabla ya kurudi uwanjani.